Oili ya gia haichaguliwi kwa pipa

Kwa Mhariri,

Nimesoma barua ya yule msomaji wa Kisauni aliyeuliza kwa nini Probox yake ya gia za mkono yakataa kuingia namba mbili asubuhi mpaka itembee kwanza, na nikasoma pia majibu aliyopewa, mmoja amwambia ashushe giaboksi anunue nyingine ya Japani, mwengine amwambia aongeze oili nzito itanyamaza. Mimi ni fundi wa giaboksi hapa Mikindani, hii ndiyo kazi inayonilisha, na kwa kweli nimeumia kusoma yale majibu manake yule ndugu anaweza kumaliza pesa zake zote kwa kitu ambacho pengine ni oili tu. Naomba mnipe nafasi. Mkiona barua ni ndefu kateni kwengine lakini msikate pale penye zile herufi GL zinazoandikwa kwenye chupa ya oili ya gia, hapo ndipo penye maneno yote.

Hebu enda kwenye maduka mengi ya spea hapa kwetu useme wataka oili ya gia. Muuzaji hakuulizi gari gani, hakuulizi ni ya giaboksi ama ya difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, yeye akuuliza lita ngapi. Kisha achukua chupa tupu ya maji, aenda nyuma kwenye pipa, afungua koki, na oili yashuka polepole ile nyeusi nyeusi yenye harufu kali ya salfa, akupa mkononi akwambia hii ni tisini mzee, yaingia gari zote. Pipa lenyewe ukiliangalia lebo ilishachunika zamani, ama lina lebo ya oili nyingine kabisa. Na fundi wako yuasubiri gereji, gari iko juu ya stendi, wewe waondoka na chupa yako, na hakuna hata mtu mmoja kati yenu watatu anayejua ni nini kinaenda kumwagwa mle ndani.

Hiyo tisini ni uzito tu jamani. Yakwambia oili ni nzito kiasi gani ikishapata moto, basi, haikwambii imetiwa dawa gani. Na watu huichanganya na namba za oili ya injini wakidhani tisini ni nzito mara mbili ya arobaini, sivyo, hizo ni hesabu mbili tofauti, tisini ya gia ikiwa moto uzito wake unalingana na arobaini ama hamsini ya injini. Ile namba ya kwanza yenye W, yaani 75W au 80W, ni ya baridi, na si baridi ya hapa, 75W hupimwa kwenye digrii 40 chini ya sifuri na 80W kwenye 26 chini ya sifuri, sasa Mombasa hata asubuhi ya Julai uko kwenye digrii 20 na kitu, kwa hivyo mtu asikutishe sana na hiyo. Ni kweli 75W-90 yaingiza gia laini kidogo gari ikilala usiku kucha, hilo twaliona, lakini tofauti hiyo ni ndogo na haivunji kitu. Kinachovunja ni kile kingine kilichoandikwa kwa herufi ndogo chini ya hiyo namba.

Chukua chupa yoyote ya oili ya gia iliyo na sili, igeuze, utaona imeandikwa API GL-4 ama API GL-5. Hii API ni taasisi ya petroli ya Marekani, ndiyo iliyopanga hizi daraja, na hazipandi kwa ubora kama watu wanavyofikiria kwamba tano lazima iwe bora kushinda nne. Nishabishana na watu wengi hapa kwa hili, mtu ananunua GL-5 kwa sababu namba ni kubwa na bei iko juu kidogo, aniletea kwa furaha kabisa nimtilie kwenye giaboksi, nakataa, aona namdharau. Sikudharau ndugu yangu. Hiyo ni ya kazi nyingine.

Kazi yake ni difu. Gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma kama Hiace zetu hizi za matatu ina difu kule nyuma, na mle ndani pinioni, ile gia ndogo, haikukutana na krauni, ile gia kubwa ya duara, katikati, imekaa chini kidogo, kwa hivyo meno yakishikana hayabani tu, yanabana na kusuguana kwa pamoja, na uzito wa abiria wote uko juu yake. Oili ya kawaida hapo hukamuliwa ikatoka yote, chuma kikabaki kwa chuma. Ndio GL-5 imetiwa dawa nyingi za salfa na fosforasi, dawa hizo zikipata moto pale meno yanapobanana zinafanya ngozi nyembamba juu ya chuma, na ngozi hiyo ndiyo inayolika badala ya jino. Ukitia GL-4 kwenye difu kama hiyo huchukui muda utasikia mlio wa kulia kule nyuma ukikanyaga mafuta, na ukifungua utakuta krauni imechubuka meno.

Sasa njoo kwenye giaboksi. Mle ndani kuna sinkro, na sinkro za gari nyingi ni pete za shaba ya manjano. Nikiweka moja mpya juu ya meza ukapitisha ukucha kwa ndani utasikia mistari myembamba inakwaruza, midogo midogo kama ya sahani ya santuri, na hiyo mistari ndiyo kazi yake yote, unapovuta gia pete inabanwa kwenye koni ya chuma, mistari inakata oili pembeni ili shaba ishike chuma, inashika kwa kitambo kidogo tu, gia inapunguza ama kuongeza mwendo mpaka zilingane, ndipo meno yanaingia bila kelele. Sinkro inataka kushika. Ukiijazia oili yenye dawa nyingi za utelezi, pete yateleza badala ya kushika, gia yaja haijalingana, ndio unasikia krrr. Na lile la pili ni baya zaidi, zile dawa za salfa ambazo kwa chuma ni rafiki, shaba zinaila, hasa giaboksi ikiwa na joto, na joto hapa kwetu halikosi, foleni ya Likoni ukisubiri feri, foleni ya Changamwe, gia ya kwanza na ya pili mchana kutwa na jua la saa nane. Pete niliyoitoa kwenye giaboksi iliyotembea na GL-5 muda mrefu ukipitisha ukucha hausikii chochote, imekuwa laini kabisa, na ukimwaga oili yake kwenye karai ukaipeleka juani unaona inameta dhahabu. Hiyo dhahabu ndiyo sinkro zako.

Nisiwe mwenye kusema upande mmoja. Kuna oili za kisasa zimeandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja, na kuna watengenezaji wa gari wenyewe wanaoruhusu yoyote kati ya hizo mbili kwa giaboksi fulani, sinkro zao pengine si za shaba au zimefunikwa kitu kingine. Pia kuna giaboksi hazitaki oili ya gia kabisa, Honda nyingi zina oili yao maalum, baadhi ya Isuzu kitabu chasema wazi tia oili ya injini, na kuna zinazotaka ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Kwa hivyo mwenye kauli ya mwisho ni kitabu cha gari, si mimi wala si muuzaji. Na hapa najua mtaniambia kitabu kiko wapi, magari yetu yashushwa hapa hapa bandarini yakitoka Japani yameshatumika, kitabu kikiwepo ni cha Kijapani na watu wengi wanakitupa siku ya kwanza wakiosha gari. Msitupe! Kifungue kurasa za nyuma penye majedwali ya vipimo, hata kama hujui neno moja la Kijapani utaona katikati ya yale maandishi yao wameandika kwa herufi zetu hizi hizi API GL-4, 75W-90, na pembeni yake ni lita ngapi. Piga picha uweke kwenye simu. Hiyo picha ukiingia nayo dukani mazungumzo yanabadilika.

Na usikubali ya pipa. Sisemi kila mwenye pipa ni mwizi, wengine wananunua pipa zima la kampuni nzuri na wanauza kwa haki ili mwenye pikapu apate kwa bei anayoiweza, lakini wewe mnunuzi huna njia ya kujua, na pipa likishafunguliwa kila siku likaachwa wazi kwenye hewa hii ya bahari lapata unyevu. Nunua iliyofungwa, angalia sili ya kifuniko, angalia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nambari ya kibali iliyo chini yake, unaweza kutuma SM# na hiyo nambari kwa meseji kwenda 20023 ukaambiwa ni ya nani. Giaboksi ya gari ndogo inataka kama lita mbili tu, haitaki lita tano kama injini, na haibadilishwi kila mwezi. Hiyo tofauti ya bei kati ya pipa na chupa ukiigawa kwa muda oili inaokaa mle ndani ni kitu kidogo mno.

Muda wenyewe watu wananiuliza sana, na wengine wameambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha. Hakuna. Gari ya nyumbani inayoenda kazini na kurudi unaweza kwenda mpaka kilomita 80,000 kama kitabu kinaruhusu, lakini matatu, teksi, pikapu za mizigo zinazopanda Mazeras zimejaa, mimi naambia wateja wangu 40,000 wasipite. Na gari ukiinunua imetumika badilisha mara moja bila kuangalia mita, kwa sababu kuna watu wakitaka kuuza gari yenye beringi inayolia wanatia oili ya 85W-140, ile ikiwa moto ni nzito karibu maradufu ya tisini, mlio unazama kwa wiki kadhaa, wewe mnunuzi wajaribu barabarani waona giaboksi iko kimya. Huyo aliyemshauri msomaji wa Kisauni aongeze oili nzito amemshauri hivyo hivyo bila kujua. Oili nzito asubuhi hata haifiki vizuri pale inapotakiwa, na sinkro inashindwa kuikata, hiyo namba mbili ndio itakataa kabisa.

Kubadilisha si kazi ngumu lakini kuna mpangilio, na mpangilio nimeona ukivunjwa hata gereji kubwa. Tembeza gari kidogo oili ipate moto, kisha iweke mahali sawa, kwenye shimo ama juu ya stendi nne, jeki peke yake usiingie chini yake hata kwa dakika moja. Halafu kabla ya kugusa nati ya chini ya kumwagia fungua ile ya juu ya kujazia. Nasema tena, ya juu kwanza. Nati hizi zinakaa miaka bila kuguswa, chumvi ya bahari inazishika, mara zinazunguka kona zake zikaisha, sasa ukiwa umeshamwaga oili yote halafu ya juu ikakataa kufunguka gari yako haiwezi hata kutoka gereji. Kwa Toyota nyingi ni spana 24, nyingine zataka ya kuingiza ndani, tumia soketi ya pembe sita iliyobana vizuri, usije na spana iliyolegea au bomba la kupigapiga.

Ikishaanza kushuka iache ishuke mpaka itone tone moja moja. Angalia sumaku iliyo kwenye nati ya chini, ina tope la kijivu laini kama masizi, hilo ni la kawaida, futa. Ukikuta vipande vyenye kona, vya kushika kwa vidole, hilo ni jino ama beringi, simama hapo usipoteze pesa ya oili mpya. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na hili kwetu ni la kila masika, Aprili na Mei barabara zikijaa maji gari inatoka mbio giaboksi iko moto inatumbukia, hewa ya ndani inapoa ghafla inajivuta, na inavuta maji kupitia tundu la kupumulia lililo juu au kwenye sili za shafti. Gari iliyopita maji ya kufika mlangoni oili ya giaboksi iangaliwe wiki hiyo hiyo, usingoje kilomita. Na msisuuze na dizeli! Kuna mafundi wanaipenda sana hii, dizeli yabaki kwenye pembe ambazo haishuki, inachanganyika na oili mpya na kuilainisha, na hakuna uchafu wowote iliotoa ambao oili yenyewe ikiwa moto haingeutoa.

Rudisha nati ya chini pamoja na washa yake mpya, ile pete ya kuzibia ya aluminiamu au shaba, ni ya shilingi kidogo na ndiyo inayozuia kuvuja. Jaza kwa pampu ya mkono ama mpira na faneli kupitia tundu la juu mpaka oili ianze kutoka yenyewe kwenye tundu, hicho ndicho kipimo, gari ikiwa sawa. Ingiza kidole, oili iwe pale pale mdomoni mwa tundu, isizidi nusu sentimita chini yake. Giaboksi nyingi hazina kijiti cha kupimia kama injini, ndio maana hakuna anayejua imepungua mpaka ilie, na gari zile ndogo mara nyingi gia ya tano imekaa pembeni mwisho kabisa na ndiyo ya kwanza kukosa oili, mtu anakuja gia ya tano imeungua ukimwangalia chini sili ya shafti imekuwa ikitona tangu mwaka juzi. Ukiona doa chini ya gari jembamba lenye harufu ya salfa, hilo halitoki kwenye injini.

Ile ya zamani mwaga kwenye jerikeni. Kuna watu wanaoinunua kukusanya, gereji nyingi zinawajua, na hata kama hujui pa kuipeleka usiimwage kwenye mtaro, mitaro yetu yote inaishia baharini, Tudor na Kilindini ndio tunakovua na watoto ndio wanakoogelea.

Wenye tuktuk na boda boda pia naomba wasome hapa, manake wao huja dukani wakaambiwa wanunue oili ya gia. Tuktuk za Bajaj za strok nne na pikipiki kama Boxer, injini na giaboksi zinatumia oili moja, na klachi imekaa ndani ya oili hiyo hiyo. Usitie tisini mle. Angalia chupa iandikwe JASO MA, hilo ni daraja la Kijapani la oili za pikipiki, hiyo ndiyo haitelezeshi klachi, na kuna oili nzuri sana za gari ukitia kwenye pikipiki klachi inaanza kuteleza ukipanda daraja la Nyali na abiria.

Ombi langu kwa maduka ya spea ni dogo, muulizeni mteja gari gani na ni ya giaboksi au ya difu kabla ya kuuliza lita ngapi, na lile pipa liandikeni kwa rangi ni GL ngapi. KEBS nao wapite madukani waangalie mapipa, si chupa za rafu ya mbele peke yake. Na gazeti, mhariri, mngetupa hata nusu ukurasa kila wiki wa mambo ya magari kwa Kiswahili, mafundi wengi hapa wanajua kazi lakini maelezo yote ya kampuni yako kwa Kizungu na Kijapani.

Sasa wewe ndugu yangu wa Kisauni. Kwanza zima injini, jaribu kuingiza gia zote, halafu washa ujaribu tena hapo hapo umesimama. Kama ikiwa imewashwa gia zote zinakataa na rivasi inakwaruza, tazama klachi kwanza, pengine silinda yake inavuja au haiachi vizuri, oili haina makosa. Kama ni namba mbili peke yake na ni asubuhi tu, mwaga iliyomo, tia ile iliyoandikwa kwenye kitabu chako, ya chupa, endesha wiki mbili tatu bila kuilazimisha, ukishuka toka tatu kwenda mbili ngoja mwendo upungue kidogo. Nyingi nilizoziona za hivyo zinalainika. Ikiwa bado inakwaruza hata ikiwa moto basi pete imeisha na giaboksi itashuka tu, lakini ni kubadilisha pete na kukagua beringi, si kununua giaboksi nzima ya Japani ambayo nayo hujui ilitembea na oili gani.

Fundi wa giaboksi,
Mikindani, Mombasa